Kabla hujamwacha ndugu yako nyumba ya wagonjwa wa akili: mambo ya kukagua, Unguja na Pemba

Mlezi_Chake

Assalaam alaykum wanabaraza. Suala hili linaulizwa kila mara vipande vipande, bora likae pahala pamoja. Mgonjwa ametoka wodini Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja, ametulia, lakini nyumbani hakuna wa kumwangalia mchana kutwa, na familia inatafuta nyumba ya makaazi ya kumweka. Mnakwenda kutazama. Mnaoneshwa sebule, marumaru mapya, bustani, mashuka yaliyopigwa pasi. Mazuri yote hayo, ila hakuna hata moja linalomlinda mtu.

Nyumba za namna hii huumiza watu kwa njia zinazojulikana: dawa iliyokosewa au iliyokatika, moto wakati milango ina kufuli, mtu kujinyonga au kujikata, mtu kupaliwa na chakula, mtu kushikwa vibaya alipochafukwa, na mlezi anaemnyanyasa asiyeweza kusema. Kwa hivyo ulizeni ya usiku kwanza. Saa 8 usiku nani yuko macho? Sikuulizieni nani analala hapo, nauliza nani yuko macho. Ufunguo wa chumba cha wanaume uko wapi saa hiyo? Mtu akikakamaa shingo saa hiyo, anapigiwa nani simu, na gari inatoka wapi?

Halafu ombeni kuoneshwa madaftari matatu: la dawa, la kukabidhiana zamu, na la matukio. Siri za wagonjwa wengine hazikuhusuni, majina yafunikwe kwa karatasi. Mnachotaka kuona ni namna yanavyojazwa. Daftari la dawa lenye saini za wiki nzima kwa kalamu moja na mwandiko uleule, asubuhi na usiku, limejazwa kwa mkupuo. Hakuna mtu anaeshika zamu saa 24 kwa siku saba. Na daftari la matukio lililo tupu miezi mitatu katika nyumba ya watu 12, msilichukulie kuwa ni habari njema. Watu 12 wanaotumia dawa za akili, ataanguka mmoja, atakataa dawa mwengine, watagombana wawili. Likiwa tupu, basi haliandikwi.

Wauguzi, watu wa dawa, mafundi, tafadhalini ongezeni.

ZamuYaUsiku

Waalaykum salaam. Nianze hapo kwenye "nani yuko macho". Kwa nyumba ya watu 10 hadi 15 wawe wawili, wote macho. Mmoja hatoshi hata wakaazi wakilala kama mawe, kwa sababu siku atakapoanguka kifafa mtu mmoja, waliobaki wote hawana mlezi.

Kuhesabu watu usiku ni kuona kifua kinapanda na kushuka. Blanketi lenye umbo la mtu usilihesabu. Aliyetulia aangaliwe kila saa. Mwenye hatari ya kujidhuru aangaliwe kila dakika 15, na dakika hizo zibadilishwe, mara dakika 10, mara dakika 14, mara dakika 8, asije akaipima nafasi kati ya duru mbili. Aliyesema wazi kuwa atajiua asiachwe hata chooni. Mlezi awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Wiki ya mwanzo baada ya kutoka wodini ni katika nyakati za hatari kubwa zaidi ya kujiua, na mgeni wa nyumba ndiye huyohuyo aliyetoka wodini juzi. Kitanda cha mgeni kiwe karibu na chumba cha mlezi, kisitupwe mwisho wa ukumbi kwa kuwa huko ndiko kulikobaki nafasi.

Kukabidhiana zamu kufanywe kwa kutembea kitanda kwa kitanda, kusifanyiwe barazani huku mmoja ameshavaa viatu vya kuondokea. Nani kakataa dawa, nani hakulala, nani hajala, nani ana siku ya tatu hajaenda haja kubwa. Hili la mwisho watu hulipuuza. Dawa nyingi za akili hufunga choo, na klozapini huweza kuyafanya matumbo yasimame kabisa hadi mtu akafa. Siku tatu bila choo, tumbo limejaa na linauma, apelekwe hospitali, asiongezewe papai akaachwa.

Sasa sindano ya kutuliza. Mtu amechafukwa, daktari ameagiza haloperido na prometazini, amelala. Hapo ndipo walezi wanapovuta pumzi na kwenda kunywa chai, na hapo ndipo kazi inapoanza. Alazwe ubavu. Kila dakika 15 kwa saa ya mwanzo, kisha kila nusu saa mpaka ainuke na kutembea: hesabu pumzi kwa dakika nzima, mapigo ya moyo, presha, joto, na mwite jina uone kama anaitika. Pumzi zikishuka chini ya 10 kwa dakika, au haitiki hata akifinywa, hiyo ni gari ya hospitali. Na diazepamu isichomwe kwenye msuli, huko inafyonzwa polepole na bila mpango. Mlezi akiona haikufanya kazi anachoma nyengine, kisha zote mbili zinakuja kwa pamoja.

Kumshika mtu: asilazwe kifudifudi, asikaliwe mgongoni, mkono usipite shingoni. Anaelazwa tumbo chini na watu wakamkalia mgongoni, kifua hakipanuki. Anavyozidi kupigania pumzi ndivyo wanavyozidi kumkandamiza wakidhani bado ana fujo. Mlezi mmoja kazi yake iwe kichwa tu: azungumze nae, aangalie rangi ya midomo, na akisema "acheni", wote waache.

Stoo_ya_Dawa

Mimi nitasema ya dawa tu. Hili linatuhusu sisi wa visiwani kuliko wengi: unyevu. Vidonge vya kabamazepini vikikaa kwenye hewa ya unyevu vinaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu. Mgonjwa anameza 200 mg kwa hesabu ya daftari, mwilini inaingia pungufu, kifafa kinarudi, na watu wanasema dawa "imemzoea". Valproeti nayo hunyonya maji ikitolewa kwenye karatasi yake ya kiwandani. Kwa hivyo ile desturi ya kuvipopoa vidonge vya wiki nzima na kuvitia kwenye vichupa au vijibahasha si nzuri kwa dawa hizi. Vibaki kwenye karatasi zake mpaka dakika ya kumezwa. Kabati liwe na kufuli, lisiwe jikoni wala chini ya bati tupu, na ndani kuwe na kipimajoto. Ikivuka 30 °C mara kwa mara, kabati lihamishwe.

Akiba. Kwa nyumba iliyoko Pemba na inayotegemea dawa kutoka Unguja, wiki mbili za akiba ni kima cha chini. Kusi likivuma na boti likaahirishwa, mgonjwa wa fenobabito au diazepamu ya muda mrefu hawezi kungoja: hizo zikikatwa ghafla huleta degedege hata kwa asiyekuwa na kifafa.

Sindano ya mwezi, flufenazini dekanoeti. Ni dawa ya mafuta, huchomwa kwa kina kwenye msuli wa tako, na bomba na sindano viwe vikavu. Anaeanza hupewa 12.5 mg kwanza kuona mwili unavyopokea, kisha mara nyingi 25 mg kila wiki 2 hadi 4. Nyumba iwe na orodha ukutani ndani ya chumba cha dawa: jina, tarehe iliyochomwa, tako la kulia au la kushoto, tarehe ijayo. Ikishaingia haitoki, na madhara yake yanaweza kukaa wiki nyingi.

Katika siku 3 au 4 za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume, angalieni shingo kupinda, macho kupanda juu, taya kukaza, ulimi kutoka. Watu wengi wakiona hivi husema shetani kapanda. Ni dawa, na inatibika siku hiyohiyo kwa kidonge cha benzeksoli, au kwa sindano ya dawa nyengine atakayoagiza daktari. Jambo jengine, tofauti kabisa na la haraka kuliko hilo: homa kali pamoja na mwili mzima kuwa mgumu kama ubao, jasho jingi na fahamu kuchanganyika. Hapo dawa zote za aina ya haloperido na klopromazini zisimamishwe, na mgonjwa aende hospitali usiku huohuo. Msimpe paracetamol mkangoja asubuhi.

Benzeksoli yenyewe ilindwe. Ina watu wanaoitafuta kwa ulevi, wakaazi huibadilisha kwa sigara. Mlezi amtazame akimeza, kisha azungumze nae dakika mbili. Dozi ya mwisho isiwe usiku, inafukuza usingizi. Kwa wazee huleta kuchanganyikiwa na kuziba mkojo.

MamaWawili_Ole

Ahsanteni sana. Naomba kuuliza mawili. Ramadhani nyumba hizi hufanyaje dawa? Na kisomo na kombe (maji yaliyooshewa aya anayonyweshwa mgonjwa), turuhusu au tukatae?

Stoo_ya_Dawa

Bi, suali la Ramadhani liulizwe Shaaban, lisingoje mwezi kuandama. Kwetu mchana wa kufunga ni saa 13 na ushei, na kutoka futari hadi daku ni kama saa 9 au 10. Dawa ya mara moja kwa siku inahamia futari au kabla ya kulala. Ya mara mbili, nyingi zinakubali futari na daku. Ya mara tatu haibanwi ikaingia usiku mmoja kwa uamuzi wa mlezi. Daktari abadilishe ratiba au aina ya dawa.

Anaetumia lithiamu ni jambo zito. Lithiamu ina nafasi ndogo baina ya dozi inayotibu na inayotia sumu. Kwa kawaida kipimo cha damu kinatakiwa kiwe kati ya 0.6 na 1.0. Maji yakipungua mwilini, kwa jua la mchana, kutapika au kuharisha, kiwango kinapanda. Mikono kutetemeka kwa nguvu, kuyumba, ulimi mzito: simamisha, mpeleke. Diclofenac na ibuprofen nazo huipandisha, na ndizo hizo watu wanazonunua dukani kwa kiuno. Mgonjwa wa namna hii akiambiwa na daktari asifunge, ruhusa yake imo kwenye Suratul Baqara aya ya 185, na nyumba isimwache ale kwa kujificha kama mwizi. Awekewe pahala pake pa heshima.

Joto pia. Klopromazini hufanya ngozi iungue upesi juani, na benzeksoli hupunguza jasho. Kazi za shamba saa 7 mchana kwa watu hawa ni hatari, hata nyumba ikiita ni "mazoezi".

ZamuYaUsiku

La kisomo: mtu akipenda kusomewa, asomewe. Kwa wengi ni utulivu wa moyo na ni haki yake. Masharti ni manne: dawa haikatwi, hafungwi wala hapigwi, hashindishwi njaa, na asinyweshwe mizizi isiyojulikana juu ya vidonge. Na ubani. Chetezo chenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu aliyetiwa usingizi na dawa haamki kukimbia. Fanyeni ukumbini, madirisha wazi.

FundiMtambwe

Nimesoma kote huko juu, sasa jengo.

Kitu cha mwanzo kutazama ni mlango wa chumba cha kulala. Ukiona komeo au kufuli kwa nje, simama hapo uulize. Nyumba zetu karibu zote zina nondo madirishani. Nondo kila dirisha, mlango kufuli kwa nje, magodoro ya sponji, umeme umekatika na mshumaa umewashwa: sponji ikishika moto chumba kinajaa moshi wa sumu ndani ya dakika chache, na mwenye ufunguo yuko upande wa pili wa uwa.

Najua jibu litakalokuja, kwamba wakiachwa wazi watatoka wende barabarani au pwani. Funga uzio na geti la nje, chumba kiwe wazi. Geti liwe na mtu. Kama ni lazima milango mengine ifungwe, nunua kufuli za ufunguo mmoja zote, kila mlezi wa zamu auvae kiunoni, na wa akiba uwe kwenye kisanduku cha kioo nje ya jengo. Kila chumba kiwe na nondo za dirisha moja zenye bawaba, zinazofunguka kwa nje kwa pini. Kisha jaribuni: zimeni taa zote usiku, pigeni kengele, hesabuni dakika mpaka mtu wa mwisho atoke uwanjani. Zikizidi tatu kuna kitu cha kurekebisha, na mara nyingi ni vitanda vilivyobanana mlangoni.

Taa za chaji, hakuna kibatari wala mshumaa vyumbani. Mtungi wa gesi ukae nje ya ukuta wa jiko, mpira upimwe kwa povu la sabuni. Sigara ivutwe pahala pamoja nje, kwenye kopo la mchanga. Kizimamoto cha unga, mshale uwe kwenye kijani, na kila mwezi kipinduliwe unga usigande chini.

Kujinyonga. Watu hutazama dari tu. Kamba haihitaji urefu, mtu anaweza kujidhuru akiwa amekaa chini, kwa hivyo kitasa cha mlango, bomba la kuogea, nondo na kichwa cha kitanda vyote vimo. Huwezi kuondoa kila kitu, lakini vyumba viwili vya wenye hatari unaweza: kitasa cha mteremko, bomba ndani ya ukuta, waya wa wavu mdogo ulioshindiliwa mbele ya nondo kusipite kidole wala kitambaa, pangaboi liondolewe.

Chandarua ndiyo tabu, maana mbu wapo na kamba nne za chandarua ni kamba nne. Shoneni vitanzi kwa uzi mmoja mwembamba wa pamba. Upimeni: ning'iniza dumu la maji la lita 5. Likianguka, ni sawa. Likibaki juu, uzi ni mnene. Waya wa mbu madirishani unapunguza haja ya chandarua kwa vyumba vile viwili.

Kisima na tangi la chini vifunikwe kwa zege na kufuli. Hili halina mjadala.

Mlezi_Chake

Fundi, hapo kwenye milango nakubali kwa asilimia kubwa, ila chumba cha wanawake lazima kiwe na komeo la ndani ambalo mlezi wa kike anaweza kulifungua kwa nje kwa ufunguo. Bila hilo chumba wazi kinamlinda na moto na kumweka wazi kwa mwanamme.

FundiMtambwe

Kweli kabisa, nilipitiwa. Kitasa cha aina ya chooni, kinachofungwa ndani kwa kizungusho na kufunguliwa nje kwa sarafu au ufunguo bapa. Kinapatikana madukani na kinafaa.

Bi_Jikoni

Kupaliwa kumetajwa juu juu. Dawa hukausha mate na kulegeza koo, na baadhi ya wakaazi hula kwa pupa. Vyakula vibaya kwao: boflo kavu, muhogo mkavu, pweza, nyama ya mapande, mayai ya kuchemsha mazima, samaki wa miba mingi. Nyama na pweza vikatwe udogo wa ncha ya kidole, boflo lichovywe chai au mchuzi, samaki atolewe miba jikoni. Wale wamekaa wima, mlezi amekaa nao mezani, na wasilale kwa nusu saa baada ya kula. Akipaliwa na hawezi kukohoa wala kusema: mapigo matano baina ya mabega, kisha msukumo wa tumbo kutoka nyuma mara tano, kwa kubadilisha. Kila mpishi na kila mlezi aoneshwe kwa vitendo.

Visu vihesabiwe baada ya kila mlo, idadi iandikwe ukutani. Na nyembe: kila mtu wake, ukinyolea watu sita kwa wembe mmoja unagawa homa ya ini.

Haki_Wete

Naongeza ya haki, kwa sababu usalama bila haki unageuka jela. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ulemavu wa akili umo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2012 zana ya ukaguzi iitwayo QualityRights. Inapima mambo matano: hali ya makaazi, matibabu ya mwili na akili, uhuru na uamuzi wa mtu mwenyewe, kinga dhidi ya mateso na unyanyasaji, na kurudi kuishi na jamii. Inafaa hata kwa nyumba ya watu wanane. Timu yake ya ukaguzi inatakiwa iwe na mtu aliyewahi kuugua mwenyewe na mtu wa familia, sio maafisa peke yao, na hilo ndilo ninalolipenda: aliyewahi kulala chumba kama kile anajua pa kutazama.

Kwa familia, ulizeni haya. Minyororo au kamba vipo? Jibu likiwa "mara moja moja tu", ondokeni. Simu ya mkaazi iko wapi? Pesa zake zinaandikwa na nani. Ziwe na saini mbili, yake na ya mlezi. Anafanya kazi gani, na analipwa? Anaweza kuzungumza na ndugu bila mlezi kusimama pembeni? Mlezi wa kiume asimwogeshe mwanamke na asibaki zamu ya usiku peke yake upande wa wanawake. Mwanamke wa umri wa kuzaa asianzishwe valproeti bila daktari kulizungumza nae, inaharibu mtoto tumboni.

Kukiwa na shaka ya kubakwa: asioge, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, apelekwe siku hiyohiyo kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, kinachohudumia waliodhalilishwa. Dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida. Msiende kwanza kusuluhisha kwa mwenye nyumba. Malalamiko mengine: sheha, ofisi ya afya ya wilaya, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina ofisi Zanzibar.

MamaWawili_Ole

Na nyumba ikikataa kuonesha madaftari? Na sisi siku ya kumpeleka tumwachie na nini?

Mlezi_Chake

Ikikataa madaftari, ombeni waje watu wawili wa familia wakati wa kugawa dawa za usiku, kama saa 2, bila kutangaza siku. Nyumba inayokubali hilo ina la kuonesha. Inayokubali Jumapili asubuhi tu, tafuteni nyengine.

Siku ya kumpeleka, karatasi moja, maandishi makubwa: jina, umri, kila dawa kwa jina, miligramu na saa, sindano ya mwisho, kiasi, na tako gani, dawa iliyomdhuru huko nyuma, maradhi mengine kama sukari, presha au kifafa, dalili za mwanzo anapoanza kurudi hali yake (halali siku mbili, anaongea peke yake, anakataa kula kwa mama fulani), kinachomtuliza, kama aliwahi kujaribu kujidhuru na kwa njia gani, simu mbili za ndugu na moja ya kliniki. Hilo la kujidhuru familia huona haya kuliandika, na ndilo mlezi wa usiku anahitaji zaidi. Isomeni pamoja na mlezi wa zamu, mgonjwa mwenyewe akiwepo na akisahihisha, wote watatu watie saini. Nakala ya pili irudi nyumbani, na tarehe ya sindano ijayo iandikwe kwa wino mwekundu.